Kicheko Jumbani, Hasira Sebuleni

Ugomvi uliowagawa Waingereza Januari 2007 ulihusu vidonge vya Oxo, vile vya kukolezea mchuzi. Shilpa Shetty, mwigizaji wa filamu za Kihindi, alikuwa mshiriki wa Celebrity Big Brother, shindano la runinga la watu maarufu wanaofungiwa jumbani. Jade Goody, aliyepata umaarufu kupitia toleo la watu wa kawaida la shindano hilo miaka mitano nyuma, akamjia juu kwa makelele mbele ya kamera, na nchi nzima ikashuhudia. Lakini waliofuatilia tangu mwanzo wanajua kwamba zogo la vidonge lilikuwa kilele tu. Kabla yake zilipita siku nyingi za kucheka.

Mama yake Jade, Jackiey Budden, aliyekuwa jumbani pia, alishindwa kulitamka jina la Shilpa na hakuonyesha nia ya kujifunza. Akawa anamwita "Princess", au Mhindi tu. Jade akambandika jina la kitafunwa, "Shilpa Poppadom". Jo O'Meara, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la S Club 7, alisema Wahindi ni wembamba kwa sababu wanaumwa kila mara kwa kula vyakula visivyoiva. Mwanamitindo Danielle Lloyd alitilia shaka usafi wa mikono iliyogusa chakula, kisha akadai Shilpa hawezi hata kuzungumza Kiingereza sawasawa. Lafudhi yake iliigizwa. Karibu kila kauli ilifuatiwa na kicheko, na kicheko ndicho kilichoibeba kauli iliyofuata.

Huko nje hakuna aliyecheka. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, ilipokea malalamiko zaidi ya 44,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana. Mjini Patna, India, waandamanaji walichoma sanamu za waandaaji wa kipindi. Gordon Brown, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikuwa ziarani India wiki hiyo na akajikuta akiulizwa kuhusu Big Brother badala ya uchumi. Waziri Mkuu Tony Blair aliulizwa bungeni. Carphone Warehouse, kampuni iliyodhamini kipindi, ilisitisha udhamini wake, na manukato yaliyouzwa kwa jina la Jade yakaondolewa kwenye rafu za maduka. Tarehe 19 Januari kura za watazamaji zilimtoa Jade kwa asilimia 82. Channel 4, kituo kilichorusha kipindi, ilizuia mashabiki na waandishi wasiwepo mlangoni, kwa hiyo aliyezoea kushangiliwa alitoka kwenye ukimya. Siku tisa baadaye Shilpa alishinda kwa asilimia 63.

Tangu hapo tukio la namna hiyo limejirudia Marekani, Nigeria, Brazil na kwingineko, na kila mara hutokea hoja ileile: kwamba watazamaji wa siku hizi wana ngozi laini na mtu hawezi tena kutania. Hoja hiyo haiendani na kilichotokea. Watazamaji hawa hawa hucheka usiku kucha kwa vituko vya washiriki wanaoanguka, wanaounguza chakula na wanaokoroma. Kinachowakera ni jambo mahususi zaidi, nao hulitambua haraka kuliko waandaaji: kundi linalocheka, mtu mmoja anayechekwa, na mlango uliofungwa.

Mlango huo ndio kiini cha shindano. Wakati John de Mol na kampuni ya Endemol walipolizindua Uholanzi Septemba 1999, walichobuni hasa ni kifungo cha hiari: hakuna simu, hakuna gazeti, hakuna saa ukutani, hakuna ndugu wa kumpigia ukizidiwa. Watu wasiofahamiana hulazimika kujenga ujamaa ndani ya siku chache, na njia ya mkato ya kujenga ujamaa ni kupata mtu wa kumcheka pamoja. Anayechekwa shuleni hurudi nyumbani jioni, na anayechekwa kazini ana mwisho wa juma. Jumbani anayekucheka mchana ndiye utakayekula naye usiku, na kitanda chake kiko mkono wa kushoto.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kipimo chake cha kulipimia jambo hili, na ni kipimo kizuri kuliko vingi vilivyotumika Ulaya. Tanzania ina utani kama taasisi ya kijamii, yenye wahusika, mipaka na majukumu. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mchaga na Mpare ni watani. Babu na mjukuu ni watani. Mtu na binamu yake ni watani. Utani mwingi wa makabila ulikua katika safari za misafara ya wapagazi wa karne ya 19 kutoka bara hadi pwani, mwingine ukazaliwa kutokana na vita vilivyoisha kwa kupatana, kama ule wa Wangoni na majirani waliowahi kupigana nao. Watafiti wa kikoloni waliona jambo hilo mapema; R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, akieleza mtandao wa makabila yaliyofungamana kwa matusi ya kirafiki.

Katika msiba ndipo utani huonekana kwa ukamilifu. Watu wanalia, na mtani anaingia akiigiza namna marehemu alivyotembea, anadai deni la uongo, analizuia jeneza mpaka apewe chochote. Waombolezaji wanacheka na machozi yangali mashavuni. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayekesha na wafiwa. Ruhusa yake ya kukejeli imelipiwa kwa jasho. Na muhimu zaidi, ni ruhusa ya pande zote mbili: ukinitania leo, kesho ni zamu yangu, na hukasiriki. Hata Simba na Yanga, klabu za soka zinazoitwa watani wa jadi, hubadilishana zamu ya kucheka kila mchezo unapoisha.

Sasa tazama jumba la Uingereza mwaka 2007 kwa kipimo hicho. Shilpa alikuwa mmoja, waliomcheka walikuwa wanne au watano. Kama angewajibu kwa kuigiza Kiingereza cha mitaani cha Jade, kilichokuwa kikidhihakiwa na magazeti ya nchi nzima, wangemwona ana dharau, na kwa kweli shutuma waliyomtupia mara kwa mara ni kwamba anajiona. Hakuwa na zamu. Waliocheka hawakuwa na wajibu wowote kwake. Yeye ndiye aliyewapikia. Mshiriki mwenzake, Jermaine Jackson, alijaribu kumtuliza, na watazamaji walimpenda kwa hilo. Wengi waliopiga simu Ofcom hawakuwahi kusikia habari za watani wa msibani, ila waliona kasoro ileile ambayo mzee wa Kizaramo angeiona: matusi ya kirafiki pasipo urafiki.

Hapo ndipo utetezi wa "nilikuwa natania" unapoporomoka. Unachukulia kwamba nia ya msemaji ndiyo inayofanya maneno yawe mzaha. Mwezi Juni 2007, wiki chache baada ya Ofcom kutoa uamuzi wake, mshiriki wa Big Brother mwenye umri wa miaka 19, Emily Parr, alimwita mwenzake Mweusi, Charley Uchea, kwa lile neno baya kuliko yote linalohusu Watu Weusi. Walikuwa wakicheza muziki. Alijieleza papo hapo kwamba alikuwa anatania. Channel 4, iliyokuwa bado na kidonda, ilimtoa usiku uleule. Pengine hakuwa na chuki moyoni. Lakini mwenzake hakuwahi kumpa ruhusa ya neno lile, wala hakuwa na neno la kumrudishia lenye uzito huo, kwa sababu halipo.

Marekani ilitoa funzo tofauti mwaka 2013. Msimu wa 15 wa Big Brother ulikuwa na matangazo ya moja kwa moja ya intaneti, saa 24, kwa waliolipia, na kipindi kilichohaririwa cha kituo cha CBS kwa umma. Waliolipia walimsikia Aaryn Gries akimkejeli mshiriki wa asili ya Asia kwa habari za kupika wali na kusema katika giza ni vigumu kumwona mwenzao Mweusi, Candice Stewart. Walimsikia pia GinaMarie Zimmerman. Waliotazama CBS pekee hawakusikia kitu. Kwa siku kadhaa Aaryn alionekana kwao kama msichana mrembo aliyekuwa akitongozwa. Mashabiki ndio waliokata vipande vya video, wakavisambaza, wakaandika barua, mpaka mapema Julai kituo kikalazimika kuvirusha. Aaryn na GinaMarie walipoteza kazi za mitindo na urembo huku wakiwa bado jumbani, bila habari. Mtangazaji wa kipindi, Julie Chen, ambaye ni wa asili ya Kichina, alieleza katika kipindi kingine jinsi maneno yale yalivyomrudisha kwenye kejeli za utotoni, na Aaryn alipotolewa ni yeye aliyemsomea kauli zake mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Mara nyingi hasira za watazamaji hulaumiwa kwa kuwa za haraka na za kelele. Mwaka 2013 zilifanya kazi ambayo kituo chenye wahariri, mawakili na bajeti kilikuwa kimeikwepa. Bila kelele zile Aaryn angeendelea kuwa mhusika wa hadithi ya mapenzi.

Na suala la uhariri haliishii Marekani. Uamuzi wa Ofcom wa Mei 2007 ulifichua kwamba kulikuwa na tukio ambalo umma wa Uingereza haukuwahi kuliona: baadhi ya washiriki walikaa wakitunga vishairi vya kuchekesha vilivyozunguka tusi la kibaguzi dhidi ya watu wa asili ya Asia Kusini, wakichokozana nani atathubutu kulitamka. Kwa hiyo waandaaji walikuwa na ushahidi kwamba kulikuwa na zaidi ya kutoelewana kwa wanawake jikoni, wakati Channel 4 ikiendelea kuuambia umma kwamba ni mgongano wa tabaka na tamaduni. Ofcom iliilazimisha Channel 4 kusoma hewani taarifa ya makosa yake. Ilikuwa adhabu ya fedheha, nayo ilifaa. Hata hivyo idadi ya watazamaji ilikuwa imepanda wiki ile ya zogo, na hakuna mdhibiti anayeweza kuishusha kwa kurudi nyuma.

Kwetu Afrika hasira zilichukua njia nyingine mwanzoni. Big Brother Africa ilipoanza mwaka 2003 na washiriki kutoka nchi 12, kilichozua zogo kilikuwa miili, hasa bafu. Bunge la Malawi lilipiga kura kipindi kisionyeshwe kwenye runinga ya taifa. Viongozi wa dini walihubiri dhidi yake. Kejeli za lafudhi, za rangi ya ngozi, za nani anatoka nchi maskini, zilipita bila bunge lolote kukaa. Pia mfumo wenyewe wa kura ulizifunika, kwa sababu nchi ilihesabiwa kama kura moja, na mtazamaji alijiona analinda bendera. Watanzania walikuwa na Mwisho Mwampamba, aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo. Wakapata ushindi wa Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na wa Idris Sultan mwaka 2014, aliyerudi na dola 300,000. Mwenzako wa nchi moja akikejeli mtu wa nchi nyingine, ni vigumu kumhukumu wakati simu yako iko tayari kumpigia kura.

Big Brother Naija ilibadilisha hali hiyo. Washiriki wote wakiwa Wanigeria, mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana bendera ya kulinda, na yule wa Lagos anapaswa kuchagua kati ya watu wake mwenyewe. Tarehe 6 Septemba 2020 mshiriki Erica alitolewa kwa kukusanya maonyo. Usiku uliotangulia alimshambulia mshiriki mwenzake Laycon kwa maneno makali, zikiwemo kejeli kwamba yeye anavutia na mwenzake havutii. Laycon, kijana mwembamba na mtaratibu, alikaa kimya. Wiki tatu baadaye alishinda kwa asilimia 60 ya kura. Lakini ndani ya saa chache baada ya Erica kutolewa, mashabiki wake walikuwa wamemchangia makumi ya maelfu ya dola mtandaoni. Watu waliona tukio moja, kwa picha ileile na sauti ileile, kisha wengine wakampigia kura aliyetukanwa na wengine wakamtumia fedha aliyetukana.

Mgawanyiko wa namna hiyo ulionekana pia mwaka 2023, katika msimu wa All Stars, pale Seyi Awolowo alipotamba mbele ya wenzake jinsi ambavyo angewaruhusu wanawe wa kiume kuwachezea mabinti wa watu kwa zamu. Wapo waliocheka pale jumbani. Wapo waliomtetea nje kwamba ndivyo wanaume wanavyoongea wakiwa peke yao, utetezi unaotisha zaidi ya kauli yenyewe. Baadaye aliomba radhi. Mshindi wa msimu ule alikuwa Ilebaye, binti aliyekuwa ameandamwa na baadhi ya wenzake kwa wiki kadhaa.

Ukiweka majina hayo pamoja, Shilpa, Laycon, Ilebaye, na Juliette Freire wa Brazil atakayetajwa punde, unapata kanuni inayofanya kazi katika mabara matatu: jumba likimcheka mtu, watazamaji humpa ushindi. Ni jambo la kufurahisha, kwa sababu linaonyesha kwamba mamilioni ya watu waliokaa kwenye makochi yao bado wanaweza kumwonea huruma mgeni. Ila kanuni ikishajulikana hutumika. Washiriki wa sasa wanaingia wakijua kwamba machozi yana thamani ya kura, na waandaaji wanajua kwamba wakimpa mtu mkali nafasi ya kutosha, watazamaji watapata wa kumchukia na wa kumlinda katika wiki moja.

Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio unaohitaji kusemwa kwa uwazi zaidi, kwa sababu hasira ya haki ina namna ya kugeuka kuwa kile inachokipinga. Jade Goody ndiye mfano wenye uchungu kuliko wote. Alipoingia Big Brother mwaka 2002 alikuwa na umri wa miaka 20, muuguzi msaidizi wa meno kutoka Bermondsey, aliyelelewa katika umaskini na mama mlemavu wa mkono. Aliuliza maswali yaliyoonyesha hajui jiografia ya nchi yake. Magazeti yakamfananisha na nguruwe, na wasomaji wakacheka. Miaka mitano Uingereza ilifanya ujinga wake kuwa burudani na kumlipa kwa huo ujinga. Kisha mwaka 2007 ujinga uleule ulipomgeukia mwanamke wa Kihindi, nchi ikashangaa ulikotoka. Alistahili kutolewa. Lakini waliomwandikia vitisho, na magazeti yaliyomtukana kwa umbile lake wakati yakimlaani kwa kumtukana mwenzake, hawakuwa wakimtetea Shilpa. Walikuwa wamebadilisha mtu wa kumcheka.

Agosti 2008 Jade alikubali kuingia Bigg Boss, toleo la India, lililokuwa likitangazwa na Shilpa Shetty. Akiwa ndani ya jumba aliitwa chumba cha kuzungumza na waandaaji akaambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi. Alifariki tarehe 22 Machi 2009, akiwa na umri wa miaka 27. Katika kipindi cha ugonjwa na kifo chake wanawake zaidi ya 400,000 walijitokeza kupimwa huko England kupita idadi ya kawaida, na madaktari bado wanaitaja athari hiyo kwa jina lake. Mtu mmoja alikuwa kichekesho, mbaguzi, mgonjwa na mwalimu wa afya ya jamii katika muda wa miaka saba, na watazamaji walikuwa na uhakika naye katika kila hatua.

Brazil ililipeleka jambo hili mbali zaidi. Nchi ile inaichukulia Big Brother kama siasa. Mwaka 2020 kura za kumtoa mshiriki mmoja zilipita bilioni 1.5 na kuingia katika rekodi za Guinness. Mwaka uliofuata, katika msimu wa 21, rapa Karol Conká alimkejeli Juliette, mwanasheria kutoka Paraíba, jimbo la kaskazini mashariki ambalo watu wa kusini wamelidharau kwa vizazi. Karol alijisifu kwamba yeye anatoka Curitiba, ambako watu wana adabu na hawagusani wakizungumza. Kejeli za lafudhi ya Juliette zilikuwa nyingi, na kwa Mkenya aliyekulia kwenye vichekesho vya jukwaani vya lafudhi za makabila, au Mtanzania aliyezoea kuigizwa kwa Kiswahili cha bara na cha pwani, ni rahisi kuelewa kwa nini wengine jumbani waliona ni kawaida. Tofauti iko mahali pa kusemea. Mchekeshaji wa Churchill Show ya Kenya husimama jukwaani kwa dakika chache, mara nyingi akiigiza kabila lake mwenyewe, mbele ya watu waliokuja kucheka. Juliette alikuwa anakunywa kahawa.

Februari 2021 mchekeshaji Nego Di, aliyekuwa kambi moja na Karol, alitolewa kwa asilimia 98.76. Wiki moja baadaye Karol alitolewa kwa asilimia 99.17, rekodi ya kukataliwa ambayo haijavunjwa. Juliette akashinda kwa asilimia 90.15.

Kabla ya ushindi huo kulitokea kisa kingine kinachofaa kutazamwa kwa karibu. Mwanzoni mwa Aprili mwimbaji Rodolffo alivalishwa, kama sehemu ya adhabu za mchezo, vazi la mtu wa mapangoni lenye wigi chakavu lililotimka. Akaliangalia, akasema linafanana na nywele za João Luiz, mwalimu wa jiografia aliyekuwa mmoja wa washiriki Weusi, mwenye nywele zake za asili. Watu walitabasamu. João hakusema kitu wakati huo. Siku chache baadaye, katika matangazo ya moja kwa moja, alisimama mbele ya wote akaeleza, akilia, kile alichokisikia moyoni alipolinganishwa na wigi la mtu wa mapangoni. Rodolffo alisema hakuwa na nia mbaya. Mtangazaji Tiago Leifert, Mzungu, akatumia muda wa kipindi kumweleza kwamba nywele zile hazikuwa mtindo wa kuchezewa, bali alama ya watu waliopigania haki ya kuonekana walivyo.

Ni mara chache jumba limetenda vyema hivyo. Aliyekejeliwa alizungumza mwenyewe badala ya kuzungumziwa na malalamiko ya watu wasiomjua. Aliyekejeli alisikiliza akiwa bado ndani, macho kwa macho, na si baada ya kupoteza mikataba yote. Na mtangazaji hakujificha nyuma ya wanasheria.

Kisha zikaja kura. Rodolffo alitolewa kwa asilimia 50.48. Wabrazil wengi waliuliza kwa nini mwanamke Mweusi aliyekejeli lafudhi alipata asilimia 99 na mwanamume Mzungu aliyekejeli nywele za mtu Mweusi alipata nusu. Makosa hayakuwa sawa. Ya Karol yalidumu wiki kadhaa na yaliumiza watu wengi, na kila mmoja alikuwa na wapinzani tofauti katika kura yake. Lakini swali lilikuwa la haki, kwa sababu Karol hakupoteza shindano tu: alipoteza kazi, aliogopa kutoka nje, na maisha yake baada ya jumba yakawa filamu ya mfululizo kwenye huduma ya video ya mtandaoni ya Globoplay. Hasira ya watazamaji huwa na rangi na jinsia. Humwangukia kwa urahisi zaidi yule ambaye jamii ilikuwa tayari kumwadhibu tangu awali.

Mkasa wa Idris Sultan unaonyesha mwelekeo mwingine wa jambo hili. Baada ya Big Brother aliendelea na uchekeshaji. Oktoba 2019 alihojiwa na polisi baada ya kusambaza picha alizobadilishana uso na Rais John Magufuli; Mei 2020 alikamatwa baada ya video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais, ingawa mashtaka aliyosomewa yalihusu laini ya simu. Katika visa vya Uingereza, Nigeria na Brazil aliyechekwa hakuwa na nguvu ya kujibu. Hapa aliyechekwa alikuwa na dola nzima. Anayechanganya visa hivi viwili, akidai vyote ni vichekesho vya kuudhi vinavyostahili adhabu, huwapa wakubwa silaha iliyotengenezwa kwa ajili ya kuwalinda wadogo.

Waandaaji wamejifunza kiasi. Aprili 2025, mwigizaji Mickey Rourke alimwambia mwimbaji JoJo Siwa, katika Celebrity Big Brother ya ITV, maneno ya dharau kuhusu mapenzi yake ya jinsia moja, akiyaita mzaha. Aliitwa, akasomewa onyo rasmi, akaomba radhi. Siku chache baadaye alitolewa kwa lugha na mwenendo mbaya kwa mshiriki mwingine. Januari 2007 hatua kama hizo zilisubiri makumi ya maelfu ya malalamiko. Sasa zilichukua siku. Hata hivyo waliomchagua Rourke walijua wanamchagua nani, kwani tabia yake ilikuwa imeandikwa kwa miaka 40. Watazamaji waliolalamika walielekeza karibu hasira zao zote kwa mzee aliyekuwa mbele ya kamera. Waliosaini mkataba wake walikuwa ofisini, na siku iliyofuata kipindi kilirushwa kwa saa ile ile.